Vifungo vya Kizibao cha Mzee Tsuma

Hapa Timbwani kuna watu wananiita Mama Vifungo, na wakishaniita hivyo hucheka. Wacheke. Nimekula kwa vifungo, nimesomesha kwa vifungo, na hata bati jipya la nyumba hii limetokana na vifungo. Juzi binti mmoja wa kanisani kwetu akaniuliza, kwa adabu zake zote, "Mama Mbodze, wewe ni Mrabai, umeolewa hapa Likoni. Vifungo vya Waskoti vinakuhusu nini?"

Nikamwambia akae. Na nyinyi vijana wengine mnaouliza kimoyomoyo, kaeni pia. Vifungo hivyo vilishonwa kwenye nguo walizovaa babu zetu. Bibi zetu walivisugua mpaka vikang'aa. Anayesema havinihusu hajui vimepitia mikono ya nani.

Mwanzo duka halikuwa langu. Lilikuwa la Fundi Athmani, Mswahili wa Mvita aliyevuka feri akahamia upande huu kwa sababu, alivyosema mwenyewe, kule mjini alikuwa na jamaa wengi mno wa kumpotezea wakati. Baba yake alishonea vikundi vya beni, zile ngoma za zamani za kushindana kwa sare na tarumbeta, na kimojawapo kilipenda kujivika kama Waskoti, sketi na kila kitu. Athmani naye alishonea mabaharia. Meli zikitia nanga, mafundi wa mitambo, na wengi wao walikuwa Waskoti, walimletea makoti yaliyochanika kwapani. Koti likifa, Athmani alining'iniza mifupa yake ukutani ikawa viraka, na vifungo akavitia katika bati la biskuti. Baadaye yakaja marobota ya mitumba, na ndani yake makoti ya jeshi, ya bendi, ya mabawabu wa hoteli. Nyuma ya marobota wakaja wanunuzi wa ng'ambo wanaokusanya vifungo kama wengine wanavyokusanya stempu. Hao huwaambii "kifungo cha shaba" wakaondoka. Wanataka kujua: cha nani?

Nilipokwenda kuomba kazi, Athmani hakuniuliza kama najua kukata suruali. Alinitilia kifungo kiganjani.

"Ni nini hicho?"

Nikakitazama. Kulikuwa na tunda lenye magamba, na majani yamechomoza juu. "Nanasi," nikasema.

Yule mzee alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Nanasi! Hilo ni ua la mbaruti, mwanangu. La miiba. Waskoti walilichagua kuwa alama ya nchi yao."

"Walikosa maua mengine?"

"Kawaulize wao."

Nikaona hao lazima ni watu wa kiburi, na kiburi chao hicho nikakipenda kidogo. Kazi nikaipata. Ila kwa miaka yote niliyokaa pale, mteja akiingia na matunda, Athmani aliniita, "Mbodze, ndoo!" yaani njoo, "ututajie hilo!"

Alinifunza kuanzia nyuma. "Uso utakudanganya," alisema. "Geuza, utizame mgongo kwa mato yako." Mato ndiyo macho, Kimvita chake hakikumtoka hadi kufa. Mgongoni mna kitanzi cha waya cha kupitishia uzi, na mara nyingi kuna maandishi yaliyozunguka. Mwanagenzi akisoma pale jina la Edinburgh au Glasgow hurukaruka, "Cha Uskoti!" Polepole. Huenda hilo ni jina la fundi cherehani aliyeuza koti tu. Tena vifungo vingi vya Waskoti vilipigwa Birmingham, kwa Waingereza. Mgongo hukupa umri zaidi kuliko kabila. Kifungo bapa cha kipande kimoja kwa kawaida ni kikongwe kuliko kile kilichofura, cha vipande viwili vilivyobanwa ukingoni.

Ukimaliza mgongo, ndipo uje usoni. Tazama taji. Likiwa limeviringa juu, aghalabu ni la enzi za wafalme wa karne iliyopita. Likiwa na bonde katikati, kama mto uliolaliwa, ni la malkia aliyewafuata. Ukiona nambari, au herufi zilizofungamana, au ule msalaba uliolala kama herufi X, anza kufikiria jeshi. Anza kufikiria, nimesema. Msiape.

Halafu kuna ukoo mwingine kabisa, na huu ndio unaowapiga chenga hata wauzaji wa mtandaoni. Hauna nambari. Una mnyama, au mkono umeshika jambia, au kichwa cha ndege, nacho kimesimama juu ya kitu kinene kilichosokotwa. Watu hudhani ni gogo. Ni kitambaa. Mimi nilikiita ngata, maana hakina tofauti na ngata tunayojitwika kichwani chini ya ndoo ya maji. Ukiona ngata, simama. Hiyo ni alama ya familia kubwa, na cha ajabu ni kwamba mwenye familia hakukivaa kifungo hicho. Kilivaliwa na mtumishi wake: mfungua mlango, mbeba sinia, mwendesha gari la farasi. Na kukiwa na msemo umeandikwa juu ya mnyama badala ya chini yake, mkono wa Mskoti huo, mara nyingi. Waingereza hupenda kuuweka chini.

Na tafadhalini, ndimu ni ya samaki. Alikuja mama mmoja na vifungo vya dhahabu, akaambiwa arudi kesho. Usiku akavisugua kwa ndimu na jivu ili vipendeze. Asubuhi alileta vifungo vya shaba. Dhahabu yote ilikuwa imebaki kwenye kitambaa cha jikoni, ikinuka ndimu.

Siku hizi mna simu, mnapiga picha mnaikuza mpaka kifungo kinakuwa kama sahani. Vizuri. Hata mimi nafanya. Lakini simu haikuambii uzito, wala haiwezi kukuonyesha kwamba vifungo vyote sita vya koti vimelika mahali pamoja, sawasawa, dalili kwamba vimechakazwa kiwandani kwa makusudi. Koti la kweli hulika upande unaosuguliwa na mkono. Kifungo cha juu huchoka kuliko cha chini, kwa kuwa ndicho watu hukifungua joto likizidi. Aliyevaa anaacha alama yake, na huyo aliyevaa ndiye nataka niwahadithie.

Miaka michache iliyopita, kipindi kile cha kampeni, aliingia dukani kwangu Ngumbao wa mtaa wa Shika Adabu. Athmani alikuwa ameshafariki na duka ni langu. Huyu Ngumbao nilimshonea kaptura za shule. Sasa ana malori, na alikuwa anagombea udiwani. Alikuja na wapambe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na msafara?"

Akacheka. Akafungua leso, akatandaza mezani kizibao cha mistari myeusi na ya manjano, chenye mikono mirefu ya kitambaa cheusi. Vifungo vyake vya fedha vilikuwa vimefifia, vyote vipo.

"Cha babu," akasema. "Mzee Tsuma. Alipigana vita vikuu pamoja na jeshi la Uskoti. Jumamosi ijayo tunafunua jiwe la kaburi lake, na watu watakuwa wengi. Kitengeneze kitundikwe pale mbele. Kisha usimame wewe, uwaambie hivi ni vifungo gani. Ukisema wewe, Likoni nzima itaamini."

Nikavaa miwani. Nikageuza cha kwanza, nikasoma mgongo. Nikatazama uzi, nikatazama na kitambaa chini yake, kama hakuna tundu la kifungo kingine kilichotangulia. Hakuna. Vifungo vile vilizaliwa na nguo ile. Ndipo nikaja usoni: kichwa cha kulungu, msemo umepinda juu ya pembe zake, na chini ya shingo, ngata. Nikatazama cha pili na cha tatu, nikitumaini. Ndiyo, nilitumaini. Nilimpenda yule kijana, nami nilijua anachotaka kusikia.

Nikawaomba wapambe wasubiri nje.

"Ngumbao," nikamwambia, "hivi si vya jeshi. Ni vya sare ya watumishi wa nyumba. Nyumba ya Waskoti, hilo sikatai. Na kizibao chenyewe cha mistari hivi ni cha mtu anayehudumia mezani."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Unataka kuniambia babu yangu alikuwa boi?"

"Nakwambia alikuwa mtumishi. Neno boi umelileta wewe."

"Ndilo watakalolisema wao, mama! Wewe huwajui wapinzani wangu. Watalitungia wimbo." Akaketi, akafuta jasho. Nilimwonea huruma, tangu utotoni alikuwa amelala na kuamka na babu askari. Mara akainua uso, akalitazama lile bati la biskuti kwenye rafu. "Unavyo vya jeshi mle. Ng'oa hivi, utie vile. Nani atajua?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe tu?"

"Mimi nikijua, imetosha."

Aliondoka bila kuaga, na kizibao akakiacha mezani.

Siku mbili hazijapita, shinikizo likaanza. Fulana za kampeni nilizokuwa nishone zikapelekwa kwingine. Akina mama wa kanisa, ambao sare zao nimezishona tangu vitambaa vikiwa pamba tupu, wakaja kuchukua majora yao. Mwenyekiti wao, mwanamke mwema kabisa, akanikalisha chini. "Mbodze, kwani inakuuma wapi? Ni neno moja tu. Marehemu hasikii, na kijana atatuletea maji."

"Maji atuletee," nikamwambia, "ni haki yetu tukimpigia kura. Lakini huyo mzee alivaa nguo hii akafanya kazi. Mkisema mtumishi ni aibu ya kufichwa kaburini, basi mmewaficha wazazi wetu nusu ya Likoni. Mama yangu alifua nguo za watu. Nimng'oe na yeye nimtie nani?"

Akakusanya majora yake, akatoka.

Kisha wakarudi wale wapambe, wawili, kudai kizibao. Nikasema mwenye mali ni binti wa marehemu, Kwekwe, na yu hai. Akikitaka aje mwenyewe. Mmoja akaegemea mlango, akalitazama paa. "Unajua mama, duka hili limekaa kwenye njia ya barabara mpya?"

"Barabara na ije," nikamwambia. "Itanikuta nimekaa."

Msidhani sikuogopa. Walipoondoka nililitazama paa lile, bati kwa bati. Lakini mlango sikuufunga, na asubuhi yake nikafungua mapema kuliko kawaida yangu.

Kwekwe alikuja kweli. Ni shangazi yake Ngumbao, amenizidi umri, anatembea kwa fimbo. Alipiga hodi kana kwamba hakuona mlango uko wazi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umemwambia nini mtoto wa kaka yangu, hata hali chakula?"

"Nimemwambia vifungo ni vya watumishi."

Akavuta kizibao, akapitisha kidole gumba kwenye kile kichwa cha kulungu. "Nilikuwa nikivisugua hivi nikiwa mtoto, kwa kitambaa na majivu laini. Baba hakuwahi hata siku moja kusema alikuwa askari. Kaka zangu ndio walioanza, walipoona vinameta."

"Mbona hukuwakataza?"

"Niliolewa mbali. Niliporudi nikakuta uongo umeshakua, una watoto wake." Akakikunjua mbele ya kifua chake, akajipima. "Kitengeneze. Na unipunguzie mabega."

"Mabega ya nini, dada? Si ni cha kutundikwa?"

"Nitakivaa mimi."

Nilikitengeneza kwa adabu zote ninazozijua. Sikukisugua, nilikipangusa vumbi tu kwa kitambaa kikavu, nikaimarisha vitanzi kwa uzi uliopakwa nta, nikapunguza mabega kwa mshono unaofunguka, ili mwili mwingine ukija kukihitaji, uweze kukivaa.

Jumamosi uwanja wa nyumba yao Shika Adabu ulijaa. Mahema, viti, spika kubwa. Jiwe lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe. Mimi sikualikwa, nilikwenda nimeshikana mkono na Kwekwe, ambaye alikuwa amejifunika leso mbili shingoni hadi magotini katika joto lile, watu wakidhani ana homa. Ngumbao akahutubia. Akasema babu yake alikuwa shujaa, alibeba bunduki, Waskoti walimheshimu. Aliniona, akayaondoa macho yake kwangu haraka. Makofi yakapigwa.

Kwekwe akasimama. Mshereheshaji akamwambia, "Bibi, zamu ya familia bado." Kwekwe akamjibu kwamba yeye ndiye familia, akavua leso, akanipa nimshikie. Kizibao kikaonekana. Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha wa kizee, kisha wakaona uso wake.

Alikataa kipaza sauti. "Baba yangu hakupiga bunduki," alisema. "Alibeba sinia. Katika nyumba ya Mskoti, ng'ambo ile ya feri. Miaka mingi aliingia kwa mlango wa nyuma, akatoka kwa mlango wa nyuma. Siku moja kukawa na wageni mezani. Supu ikaja imepoa. Bwana akamwita mpishi, mzee wa kumzaa baba yangu, akamzaba kofi mbele ya wageni wote. Wageni wakaendelea kula.

"Baba akaweka sinia chini. Hakuitupa. Aliiweka taratibu, katikati ya meza, juu ya maua. Akamshika mpishi mkono, wakapita sebuleni, wakatoka kwa mlango wa mbele na nguo za kazi mwilini. Mlango wakauacha wazi. Kesho yake akaja tarishi kudai kizibao. Baba akamwambia, 'Mwambie aje mwenyewe.' Hakuja. Tangu siku hiyo baba alibeba magunia bandarini, tukashinda njaa siku nyingine, na sikumsikia akijuta. Mama alimsihi akirudishe akaombe kazi. Akakitundika ukutani, tukione."

Akamgeukia Ngumbao. "Wewe ulimtaka shujaa. Huyo ndiye niliyekuwa naye mimi. Kama hakutoshi, kamtafute wako."

Spika ilikuwa inavuma peke yake. Halafu mzee mmoja nyuma, mtu wa bara aliyefanya kazi reli tangu ujana wake, simjui hata jina, akasimama akavua kofia. Akina mama wa kanisa wakatazamana, na mwenyekiti wao akapiga kigelegele, kimoja, kirefu.

Ngumbao alikuwa ameshikilia pembe ya kile kitambaa cheupe. Akakiachia bila kukivuta. Akaja mpaka kwa shangazi yake, akapiga goti moja kwenye vumbi na suti yake, akainamisha kichwa. Sikusikia walichoambiana, na sikuuliza.

Uchaguzi alishinda. Wimbo ulitungwa kweli, wa sinia na supu, na watu wake mwenyewe ndio walioucheza zaidi. Barabara haijaja. Akina mama walirudisha majora yao, nikawashonea, ingawa nilishawishika sana kuwabana makwapa. Ngumbao hakuja kuniomba radhi, nami sikumngoja. Ila suti zake huziagiza kwangu, na kila akija kupima hukaa kunitazama nikichambua vifungo, akauliza hiki cha nani, na kile.

Kwa hiyo nyinyi mkija kuketi kwenye kiti hiki, mtaletewa vitu na watu mnaowapenda, nao watakuwa wameshawaandalia jibu. Geuzeni mgongo kwanza. Mkiona ngata, semeni ngata, hata kama mlango umejaa wapambe. Na msimwombe mtu samahani kwa ajili ya nguo ambayo mzazi wenu alivaa kazini.

Lile jiwe liliandikwa ASKARI kwa herufi za kuchonga. Wiki iliyofuata Kwekwe alimwita mwashi alifute. Mwashi akachonga, akapaka saruji, akasubiri ikauke, kisha akauliza aandike nini. Kwekwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kaburi, mimi nimesimama kando yake.

"Andika: Alifanya kazi. Akaacha alipotaka."

Mwashi akaandika. Mmoja wa wale kaka zake akasogea, akashauri kwamba chini pale iongezwe aya ya Biblia, maana nafasi ilikuwa bado kubwa, nusu nzima ya jiwe.

Kwekwe akaitazama ile nafasi tupu. "Pamejaa," akasema.